Sinia la Bi Somoe

Kashata huvunjika, utamu haumwagiki. Mmelisikia neno hili leo kwa shangazi yenu, mkacheka, na sasa mnanijia mimi mkitaka kujua limetoka wapi. Haya, kaeni. Lakini anayetaka kunikatiza maneno akamkatize mamaye. Neno hili lina wenyewe, na lilizaliwa mtaa wa Mkwajuni, jikoni kwa Bi Somoe.

Bi Somoe alikuwa na dada mmoja tu duniani, Bi Mize, aliyemtangulia kuzaliwa. Nyumba zao zilipakana ua kwa ua. Huyu akikaanga pilipili, yule hupiga chafya. Siku ilipokuja posa ya Raya, binti pekee wa Bi Somoe, furaha ilimpanda mama kichwani, akaitikia pale pale. Dada yake akaja kuisikia habari kisimani, kwa watu baki. Nyie watoto wa siku hizi mtasema, kwani kuna nini? Kuna mengi! Mama mkubwa ni mama. Haambiwi habari za mwanawe na mtu aliyebeba ndoo.

Bi Mize hakutukana. Afadhali angetukana. Aliufunga tu mlango wa uani, na tangu hapo wakawa hawasemezani, Idi ikaja ikapita. Bi Somoe naye, badala ya kwenda kuomba radhi, akajitia ugumu: "Ananuna? Na anune." Lakini harusi ilipokaribia, Raya akamwambia, "Mama, mimi sitoki nyumba hii kama mama mkubwa hajanishika mkono. Wallahi nitalia mbele za watu." Hapo ugumu ukamwishia Bi Somoe. Akaona kweli anakwenda kumwoza mwanawe kama mtu asiye na ndugu.

Basi watu wa Mkwajuni walikuwa na desturi yao. Ukimkosea mtu na maneno yakakushinda, ulimpelekea sinia la kashata. Akila kipande kimoja mbele yako, yamekwisha, na hakuna ruhusa ya kuyafukua tena. Lakini kashata zenyewe ziwe nzima, zimekatwa pembe nne sawasawa. Zilizovunjika hata mwendawazimu hakuzipeleka, maana ilikuwa sawa na kusema: udugu wetu ndio huu, vipande vipande.

Asubuhi Bi Somoe akakuna nazi. Akainjika sukari na maji mpaka shira ikavuta uzi, akatia iliki, akamimina nazi, akakoroga hadi mkono ukafa ganzi na nazi ikaanza kuachana na sufuria. Akaimwaga kwenye sinia alilolipaka samli, akaisawazisha kwa mgongo wa mwiko. Ilitoka nyeupe, harufu yake imejaa mtaa. Sasa kashata, kwa asiyejua, haikatwi ikiwa moto, itafuatana na kisu. Wala haingojwi ipoe, itakuwa jiwe. Hukatwa ikiwa vuguvugu, na hilo vuguvugu halimsubiri mtu. Bi Somoe akashika kisu.

"Hodi wenyewe!"

Alikuwa Bi Shuwea, ajuza aliyewazalisha nusu ya wanawake wa mtaa ule, Bi Somoe mwenyewe akiwamo. Mkubwa kama huyo haambiwi "ngoja kidogo." Bi Somoe akatua kisu, akaenda kumpokea ukumbini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Raya hajambo? Baba Raya? Na mafua yake?"

"Hawajambo, bibi. Mafua yamepoa."

"Na yule mbuzi wenu aliyekuwa akichechemea?"

"Anatembea, bibi."

"Alhamdulillahi. Na wifi zako je?"

Loo! Bi Somoe alijibu moja baada ya jingine, uso unacheka, roho iko jikoni. Mawifi walipokwisha, Bi Shuwea akaingia kwenye habari za goti lake, na goti lile lilikuwa na historia ndefu. Alipoaga, Bi Somoe alirudi mbio. Akabonyeza kisu, kikagoma. Akakilalia kwa uzito wake wote, na kashata ikapasuka toka ukingo hadi ukingo. Hakikubaki kipande cha kufanana na mwenzake.

Akakaa chini akalia. Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni. Nyingine asingeipata kabla ya harusi. Raya akaja, akalitazama sinia.

"Peleka hivyo hivyo, mama."

"Atasema namtukana."

"Si utamwambia humtukani? Mdomo unao!"

Neno lile lilimchoma, kwa sababu ni kweli mdomo alikuwa nao, na siku zote zile hakuutumia. Akalifunika sinia kwa kawa, akaenda kugonga mlango wa uani. Bi Mize alifungua, akasimama hapo hapo mlangoni, uso mkavu.

"Dada, kabla hujafunua," alisema Bi Somoe. "Zimevunjika. Sikukusudia. Na lile la Raya nilikukosea. Furaha ilinipumbaza nikakusahau wewe, wewe uliyenibeba mgongoni. Nisamehe."

Bi Mize akafunua kawa. Akavitazama vile vipande, midomo ikimcheza. Bi Somoe akajua sasa matusi yanakuja.

"Somoe, sisi lini tulikula kashata nzima?"

"Unasemaje?"

"Nakuuliza! Nzima si mama alikuwa akiziuza? Sisi zetu zilikuwa zilizovunjika. Na wewe ulikuwa ukisimama uani, kitumbo mbele, unaomba dua: Mungu wangu, zivunjike! Umesahau?"

Bi Somoe akacheka huku machozi yanamtoka. "Hata sinia nilikuwa nikilitikisa makusudi."

"Nilijua! Na mama alikuwa akinipiga mimi." Bi Mize akachagua kipande, akakitafuna taratibu. "Iliki umezidisha. Lakini kashata huvunjika, mdogo wangu, utamu haumwagiki. Raya yuko wapi? Asiguswe na mtu. Hina ya mwanangu naitia mimi."

Na kweli aliitia yeye, na siku ya harusi yeye ndiye aliyemshika Raya mkono akamtoa mlangoni. Watu wa Mkwajuni wakaacha kuchagua kashata za kupelekeana. Aliyemkosea mwenzake alikwenda na alichonacho, akafungua mdomo.

Sasa mnajua kwa nini shangazi yenu amewaambia neno lile leo. Hakuwa akiwasifia vitafunio. Mmedhani hamwonekani, nyie wawili, mnavyokula kila mmoja na ukuta wake tangu juzi? Haya, geukianeni, na mmoja aanze, hata kama maneno yatatoka ovyo. Kashata huvunjika, utamu haumwagiki.