Rangi ya Kutojua

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakuwa na kompyuta, wala hawakujua kwamba siku moja ufa wenyewe ungekuwa mstari mmoja wa maandishi kwenye skrini. Lakini waliwajua watu, na watu hawajabadilika. Mugendi aliifahamu methali hiyo tangu darasa la nne. Kuifahamu ni jambo moja, kuitii ni jingine.

Mugendi alikuwa mwandishi wa programu, kijana wa Kiambere aliyekodi chumba cha kazi kule Kinoru pamoja na mwenzake, Kajuju. Mwaka ule wafugaji wa kwao walimpa kazi. Kati ya maboma yao na malisho upo mto wa msimu: miezi mingi ni mchanga mtupu, lakini mvua ikinyesha vilimani, maji hushuka ghafla hata kama huku chini jua linawaka. Walikuwa wamesimika nguzo yenye kipima maji kule juu, na sasa walitaka programu ya kumwambia kila mtu, kwenye simu ya aina yoyote na kwenye kompyuta ya zahanati, kama ni salama kuvuka. Kijani, vuka. Njano, ngoja. Nyekundu, rudi nyumbani.

Kajuju ndiye aliyemshawishi atumie lugha ya programu inayoandikwa kama hesabu: kila kipande hupokea kitu na kurudisha jibu, bila kuchezea chochote pembeni. Skrini yenyewe ni jibu. Ukiipa hali ileile ya mto, itakuchorea picha ileile, leo na kesho, kwenye simu ya bei rahisi na kwenye kompyuta kubwa, kwa maandishi yaleyale. Tena lugha hiyo ina kikaguzi kisichomwonea mtu haya. Ukisahau hali moja tu, kinakuambia.

Siku moja kabla ya uzinduzi, kikaguzi kilitoa onyo. Kijani kipo, njano ipo, nyekundu ipo. Je, taarifa isipofika kabisa, skrini ionyeshe nini? Mugendi alilitazama onyo lile kama mtu anavyomtazama nzi kwenye chai. Kulijibu kulihitaji rangi ya nne, maneno yake, na majaribio mapya kwenye simu zote sita zilizopangwa mezani. Yeye akaandika mstari mmoja tu: chochote kingine, kijani. Onyo likanyamaza.

"Umelinyamazisha," Kajuju akamwambia, "lakini hujalijibu."

Mugendi akacheka. Alisema nguzo imesimikwa kwa zege, na hata taarifa zikikosekana, siku nyingi mto ni mkavu. Ya nini kuwatisha watu bure? Angerekebisha wiki ijayo. Wiki ijayo! Hiyo ndiyo wiki inayojua kufanya kazi zote za wavivu, ila haijawahi kufika.

Uzinduzi ulifana. Mzee Gitari, mwenyekiti wa wafugaji, aliongoza sala, mbuzi akachinjwa, na simu za kila aina zikainuliwa juu zikiwa na kijani kimoja. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa Ciarunji, nyanya aliyemlea Mugendi, ambaye yeye humwita cucu. Ciarunji alishika desturi ya wachungaji wa zamani: kabla ya kuingiza mbuzi mtoni husimama ukingoni, akatazama vilima, kisha akafukua mchanga kwa kidole cha mguu kuona unyevu umefika wapi. Siku hiyo aliwaambia wenzake kwamba sasa kidole chake kitapumzika, maana mjukuu wake amemwekea mto mfukoni.

Wiki ijayo ikapita, na nyingine saba nyuma yake. Mwezi wa Novemba, gogo lililosombwa na maji kule juu liligonga nguzo likakata nyaya. Taarifa zikakoma. Skrini zote, kubwa kwa ndogo, zikaonyesha kijani.

Mzee Gitari alipiga simu saa nane mchana kusema Ciarunji amesombwa na maji, na Mugendi akashuka Kiambere siku hiyohiyo. Alimkuta cucu yake kwenye kitanda cha zahanati, mguu umefungwa mbao. Maji yalimpata katikati ya mto, Gitari akamvuta kwa fimbo yake. Mbuzi kumi na mmoja, mali yote aliyokuwa nayo duniani, walikwenda na maji.

"Niliona wingu vilimani," Ciarunji alisema kwa sauti ndogo. "Nikataka kurudi. Nikatazama simu, nikajiambia, hii ilitengenezwa na Mugendi. Ni nani aliyeiambia kwamba mto ni mkavu?"

Mugendi angeweza kulisingizia gogo. "Haikuambiwa na mtu, cucu. Ilikuwa haijui."

"Haijui, na ikasema inajua?"

"Mimi ndiye niliyeifundisha hivyo."

Mugendi alilia. Nyanya yake hakumlaumu. Aligeuza tu uso ukutani, na hilo lilimchoma kuliko matusi.

Kurekebisha programu kulimchukua dakika arobaini, pamoja na kuzijaribu simu zote sita. Taarifa isipofika, skrini ingekuwa ya kijivu, na juu yake maneno haya: Hatujui. Usivuke. Lakini watu walikwisha kuifuta programu. Mzee Gitari alimwambia wazi kwamba mchungaji hadanganywi mara mbili na kitu kimoja. Kwa miezi minane Mugendi alishuka Kiambere kila Jumamosi, boma kwa boma, akilieleza kosa lake kwa kinywa chake mwenyewe, kisha akisimama mtoni na wachungaji kulinganisha rangi na mchanga.

Wa mwisho kukubali kuirudisha programu alikuwa Ciarunji. Jumamosi moja asubuhi, akiwa na Mugendi na mbuzi wawili aliopewa na majirani, alifika ukingoni akaitazama simu. Ilikuwa kijivu, betri ya nguzo ilikuwa imekwisha. Akatazama vilima. Akafukua mchanga kwa kidole.

"Leo haijui," akamwambia mjukuu wake, "na imekubali kwamba haijui." Akaitia simu mfukoni, akawageuza mbuzi kurudi nyumbani.

Mugendi alimfuata nyuma polepole, akihesabu moyoni: dakika arobaini alizozikwepa, miezi minane aliyoilipa, na mbuzi kumi na mmoja wasiorudi. Hakika, usipoziba ufa utajenga ukuta.