Zamu ya Kidoti

Hapo zamani za kale, enzi wanyama walipokuwa wakifagia nyua na kuinjika vyungu kama sisi (wewe huko nyuma, acha kumfinya mwenzako!), palikuwa na kijiji kilichoitwa Chetusote. Walikijenga wenyewe, wakajipigia makofi wenyewe. Hakuna uzio, hakuna ugomvi, na marufuku mtu kusema "mwanangu". Kila mtoto ni wa wote.

Uzuri ulioje! Ila sheria iliongeza: anayelisha na kuogesha aanze na watoto wa wenzake, wa kwake awe wa mwisho, asije akapendelea. Na aliyelisha na kuogesha kila siku alikuwa mmoja tu: Bi Digidigi, mwenye miguu kama njiti.

Watoto kumi na saba! Alisugua mgongo wa mtoto wa Tembo, swaa, swaa, mpaka mikono ikafa ganzi. Akija kufika kwa binti yake Kidoti, maji yamekwisha, uji umekwisha, na mtoto kashalala na njaa, matope hadi kwenye kope. Mbavu zake zilikuwa zinahesabika.

"Mzee Tembo, nisaidieni jamani," alilia siku moja. "Huyu mtoto atanifia."

"Atakufia wewe? Si mtoto wetu sote? Basi usihangaike peke yako," Tembo akajibu, akageukia ubavu wa pili.

Bi Kiboko alikuwa majini hadi puani. "Mimi nawapenda wote sawa, shoga yangu. Sawasawa!" Akazama, chubwi.

Bwana Nyati alisema zamu yake ni kesho. Kesho yake akasema vilevile.

"Yaani hawa!" Digidigi akafoka peke yake njiani. "Mapande ya wanyama, hata kumpangusa mtoto kamasi hawawezi! Haya. Watanitambua."

Asubuhi akawaachia watoto wote wagaegae kwenye tope mpaka yakabaki macho tu. Kisha akabeba mtungi wa asali, akapiga debe katikati ya kijiji: ngo! ngo! ngo!

"Jamani! Jiko la kijiji lilishika moto! Mtoto mmoja kauzima kwa matope! Mzazi wake ndiye atakayepewa mtungi huu wa asali!"

Chubwi! Kiboko akatoka majini mbio. "Ni mwanangu huyo!"

"Mwanangu mimi!" akanguruma Tembo. "Wa kwangu haogopi moshi!"

"Nyinyi, hebu nipisheni!" Nyati naye akaja, puu puu puu.

"Moshi ulikuwa mwingi, sikumwona vizuri," alisema Digidigi. "Ila ana alama nyekundu ya moto nyuma ya sikio. Waogesheni mtaiona. Na muwalishe kwanza, wakiwa na njaa hawatulii. Lakini mtawajuaje, na watoto ni wa wote?"

"Nikose kumjua mwanangu?" Nyati akang'aka.

Kufumba na kufumbua, kila mmoja kamkamata wa kwake. Wakalisha, wakateka maji, wakasugua, swaa, swaa, mpaka jua la utosi. Nyuma ya masikio yote hayo, alama hakuna.

"Digidigi!" Tembo alikuwa anahema. "Mbona hatuioni?"

"Mtaionaje na moto wenyewe haukuwapo?"

"Umetudanganya!"

"Nimewadanganya, ndiyo! Mwaka mzima mnaniambia watoto ni wa wote, hakuna wa mtu. Leo hakuna aliyekosea hata mmoja. Maji mmeyaona yalipo, mikono mnayo. Kesho hivyohivyo. Mimi nimechoka!"

"Na asali?" Kiboko akauliza kwa sauti ndogo.

"Wamelamba watoto."

Tembo akataka kufoka, lakini mwanawe alikuwa kamlalia mkongani, safi, ameshiba, anakoroma. Mzee mzima akaanza kumpepea kwa sikio.

Digidigi akaketi kivulini, Kidoti mapajani, kaoga, bakuli la uji mbele yake. Mtoto hakuligusa. Aliangalia huku na huku.

"Mama, wenzangu wamekwisha kula?"

Mama yake machozi yakamtoka, hasira zote zikamwisha. "Leo wana wa kuwalisha. Kula wewe, mwanangu."

Kidoti akala, bakuli zima.

Basi nanyi, mkimsikia mtu anasema mtoto ni wa wote, mwulizeni kwanza: leo umeogesha wangapi?