Jina la Mtoto wa Niendiwe

Sogeeni karibu, nina kesi iliyonishinda kuamua.

Palikuwa na wanawake watatu waliotumikia hospitali moja chini ya milima ya Upare. Namsifu alikuwa fundi wa kompyuta. Kifaa kilichogoma kwa wengine, kwake kilitii. Eliakunda alikuwa mkunga wa kituo cha afya cha Kighambo, huko juu mlimani. Kosa lililowapita wengine halikumpita yeye. Naye Nakiete alikuwa mwalimu wa Kiswahili aliyeacha chaki akaja kuandika maelezo ya hospitali. Akikuelekeza njia, hata uwe mgeni wa jana, hupotei.

Hospitali ile ilikuwa imemweka Tarishi, msaidizi wa akili mnemba. Mkunga akiandika shida yake kwenye simu, Tarishi huchagua zana ya kumsaidia: kuita gari, kuuliza akiba ya damu, au kurusha damu kwa ndege ndogo isiyo na rubani. Ila Tarishi hana macho. Zana alizijua kwa maelezo aliyoandikiwa tu. Yakiwa na ukungu, naye anakwenda kwenye ukungu.

Namsifu ndiye aliyeziunda zana zile. Alishinda juu ya paa la hospitali akiunganisha ghala la damu na ndege, hadi ngozi ya shingo ikambabuka kwa jua. Bila yeye Tarishi angekuwa mdomo usio na mikono.

Eliakunda ndiye aliyezijaribu. Aliandika vile wakunga wanavyoandika wakiwa wamebanwa: "Damu! Kighambo, haraka." Tarishi akamjibu kwa upole kwamba ghalani mna damu ya kutosha. Ndege haikuruka. Kumbe zana mbili, ya akiba na ya kurusha, zilikuwa na maelezo yale yale: "Huduma ya damu." Wakubwa walikuwa na haraka ya kuzindua, lakini Eliakunda akagoma.

"Mzazi wangu hatapona kwa kuambiwa damu ipo," alisema. "Na hata kundi la damu hakuniuliza! Rekebisheni, la sivyo mimi sikitumii kitu hiki."

Nakiete ndiye aliyerekebisha. Alifuta, akaandika, akafuta tena, kisha akamsomea Namsifu: "Zana hii hurusha damu kwa mgonjwa anayeihitaji sasa. Ikishatoka ghalani hairudi. Lazima ujue kundi la damu ya mgonjwa. Usipoambiwa, uliza, usikisie. Ukitaka kujua akiba tu, tumia zana ya akiba."

Namsifu akacheka. "Mwalimu, unaiandikia mashine kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Mtoto asipoelewa huniangalia usoni, nami nikarudia," alisema Nakiete. "Huyu akishasoma, anatenda."

Hata hivyo ilimuuma kidogo. Maneno aliyoyahangaikia namna ile, nani angeyasoma?

Masika yakaja. Asubuhi moja mlima ukaporomoka, barabara ya Kighambo ikakatika. Asubuhi ile ile Niendiwe, mke wa Mbonea, akajifungua mtoto wa kike, na damu ikakataa kukoma. Eliakunda alikandamiza tumbo la mzazi kwa mkono mmoja, akaandika kwa mwingine: "Damu! Kighambo, mzazi ananiponyoka."

Kule chini, Namsifu na Nakiete walikodolea macho kioo cha kompyuta. Tarishi akauliza: "Naandaa damu. Kundi lake ni lipi?"

"O hasi," akajibu Eliakunda. Ni kundi adimu. Angepewa jingine, huenda lingemmaliza.

Juu ya paa ndege ikanguruma, ikashika njia ya mlimani. Nakiete alijikuta ameung'ang'ania mkono wa Namsifu, hadi simu ilipolia. Ilikuwa sauti ya Eliakunda, imechoka: "Amefumbua macho. Anamuulizia mwanawe."

Siku ya kumtoa mtoto nje, wote watatu walialikwa. Mama yake Mbonea akasimama.

"Mjukuu huyu alikuwa achukue jina langu," alisema. "Naliweka kando. Achukue la yule aliyemrudisha mama yake. Lakini jina la kuitiwa ni moja. Sitaki mtoto wa kuitwa huku na kule. Haya, ni nani?"

"Ni Namsifu," alisema Eliakunda. "Ningeandika hadi vidole viote sugu, bila ndege ningemzika."

"Hapana, ni Nakiete," alisema Namsifu. "Ndege yangu ingebaki juu ya paa ikinyeshewa."

Macho yakamgeukia Nakiete. Alijua la kusema, na lilikuwa kweli: Eliakunda asingegoma, nani angejua maneno yale ni mabovu? Lakini hakujaliwa mtoto, na jina lake halikuwa na pa kwenda. Niendiwe akamwekea mtoto mapajani. Mtoto akamshika kidole.

"Ni Eliakunda," alisema Nakiete.

Mama yake Mbonea akamtazama huyu, akamtazama yule, asijue achague lipi.

Nanyi mlionisikiliza, mngekuwa mmesimama mahali pake, mngempa mtoto jina la nani: aliyeunda zana, aliyekataa kunyamaza, au aliyeandika maneno? Anzeni, mimi nasikiliza.