Shati la Lukwambe

Ashonaye kabla ya jina huvaa mwenyewe. Ndivyo mzee Kolumba alivyowaambia asubuhi ya leo pale ghala la kahawa, mlipokuwa mkibishana chama kimsimamishe nani kugombea urais, nanyi mkanyamaza kama watu walioelewa. Sasa mmekuja kuniuliza maana yake. Kaeni basi. Msemo huu haukutoka kwa wahenga wa kale. Ulizaliwa hapa hapa Lihanje, na siku ulipozaliwa nilikuwepo, nikiimba sauti ya pili kwenye kwaya ya parokia. Ulianza hivi.

Palikuwa na fundi cherehani aliyeitwa Desideri Kapinga. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza ya duka linalotazamana na stendi, na pembeni yake alikaa rafiki yake, Longino Ndunguru, fundi baiskeli. Walisoma pamoja shule ya misheni, wakaoa karibu mwaka mmoja, na wakati huo urafiki wao ulikuwa unageuka kuwa ukwe, maana Oswini wa Longino alikuwa amemchumbia Winfrida wa Desideri. Harusi ilipangwa kufanyika baada ya kuvuna kahawa.

Mwaka huo huo rais alikuwa anamaliza muda wake, na chama kilikuwa kinatafuta mtu wa kumrithi. Makada walioitaka nafasi hiyo walikuwa wengi, na kila walipopita kwenye redio Lihanje nzima ilishikwa na homa ya kubashiri. Watu walibashiri kisimani, sokoni, hata kwenye foleni ya kuungama. Lakini makao makuu ya ubashiri yalikuwa barazani kwa Desideri.

Desideri alikuwa na mtu wake, Mheshimiwa Lukwambe. Hakuwahi kuzungumza naye. Alimwona mara moja tu, jukwaani, siku ya sherehe mjini Songea, na tangu siku hiyo hakusikia la mtu mwingine.

“Mtazameni koti lake,” alikuwa akisema, mguu ukiendelea kukanyaga cherehani. “Linamkaa mabegani bila mkunjo hata mmoja. Mwenye mabega yale chama hakiwezi kumwacha.”

“Urais si koti,” Longino alimjibu. Yeye alikuwa upande wa Mheshimiwa Masanilo. “Masanilo alipita hapa, gari likapata pancha, akashuka na kushika jeki mwenyewe. Kiongozi ni yule.”

“Aliishika jeki, au alisimama karibu na jeki?”

“Aliishika. Ni mimi niliyempa.”

Basi hapo mabishano yaliendelea mpaka Gaudensia, mke wa Desideri, alete chakula cha mchana. Mama yule alikuwa na maneno machache yenye uzito. Siku moja aliweka bakuli la maharage chini, akawasikiliza kidogo, kisha akauliza, “Hao Lukwambe na Masanilo, wanajua kuwa ninyi mna harusi?” Wanaume wakacheka, wakanawa mikono, wakala. Kabla maharage hayajaisha walikuwa wamerudi kwenye makoti na jeki.

Sasa, kwa ajili ya harusi Longino alinunua jora zima la kitambaa cha samawati, ili bwana harusi, ndugu zake, baba wote wawili na wacheza ngoma ya mganda wavae mashati ya sare. Akamkabidhi Desideri, naye akampima kila mmoja. Kazi hiyo ilikuwa heshima yake kama baba wa bibi harusi, na kila mtu alijua itakuwa nzuri, kwa sababu hapakuwa na mkono kama wake milimani kote huku.

Lakini samawati ndiyo ilikuwa rangi ya chama.

Mkutano mkuu ulikuwa ufanyike Jumatano, na harusi Jumamosi yake. Desideri alilitazama jora lile, akawaza. Siku jina litakapotangazwa, kila mtu atataka shati lenye jina la mteule. Fundi atakayekuwa na mashati hayo tayari ndiye atakayeivisha kata nzima. Atayauza yote siku hiyo hiyo, Alhamisi atapanda basi kwenda Songea kuleta jora jingine, na kufikia Jumamosi mashati ya harusi yatakuwa yamekwisha. Hakuna atakayejua. Na kuhusu jina la kutarizi, hakuwa na wasiwasi nalo.

Akashona. Mgongoni kwa kila shati akatarizi kwa uzi mweupe, herufi nene za kupendeza: LUKWAMBE NDIYE.

Gaudensia aliyaona mashati Jumanne, yamekunjwa kitandani. Akalinyanyua moja, akalisoma, akakipapasa kitambaa kwa vidole.

“Baba Winfrida, hiki si kitambaa cha harusi?”

“Ndicho. Nimekiazima tu.”

“Umekiazima kwa nani?”

Desideri akasema, “Kesho jioni utanisifu.”

“Na akitajwa mwingine?”

“Mwingine nani? Masanilo wa jeki?”

Gaudensia akalikunja shati, akalirudisha mahali pake.

Jumatano baraza haikupitika. Redio ya mwenye duka iliwekwa dirishani, na watu walijaa mpaka katikati ya barabara. Nasi wanakwaya tulikuwa tumetoka mazoezini, tukasimama kusikiliza. Mchana ule majina yalianza kukatwa. Likakatwa hili, likakatwa lile. Likakatwa la Masanilo, na Desideri akamgusa rafiki yake bega kwa upole, kama anayempa pole ya msiba. Muda mfupi baadaye likakatwa la Lukwambe.

Desideri aliinua mkono kuomba watu wanyamaze, akidhani amesikia vibaya. Watu walinyamaza. Mtangazaji akarudia. Kisha akasema kwamba wajumbe wa mkutano mkuu wamempitisha kwa kura nyingi Mama Agripina Rugemba.

Watu wote wakaikodolea macho redio.

“Nani?” akauliza mwenye duka.

Miezi yote ile, barazani, kisimani na sokoni, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelitamka jina hilo. Wanawake tulitazamana, mmoja akaanza kupiga vigelegele, wengine wakafuata, na Longino, ambaye naye alikuwa ameshindwa, akacheka mpaka akaketi juu ya gurudumu. Desideri alifunika cherehani yake, akaenda nyumbani.

Kesho yake asubuhi Longino alimfuata huko, akiwa na furaha zake, ili achukue shati la Oswini likajaribiwe. Aliwakuta wote watatu sebuleni, Desideri, Gaudensia na Winfrida, na mashati yamepangwa mezani, migongo ikiwa imeelekea chini.

“Mkwe,” Desideri alisema, “keti kwanza.”

“Nimekuja kuchukua shati tu, mkwe. Oswini ananisubiri.”

“Keti.”

Longino akaketi. Desideri akaligeuza shati la juu. Longino akasoma polepole, midomo ikitembea, kisha akaligeuza la pili, na la tatu.

“Yote?”

“Yote.”

“Kitambaa changu?”

“Chako. Nilitaka niuze, ninunue kingine. Sasa hakuna wa kununua, na hela ya jora jingine sina. Nimekukosea, Longino. Ukisema harusi isogezwe, nitakwenda mwenyewe kwa padri nikamweleze sababu.”

Uso wa Longino ulikuwa mzito, na Winfrida aliinamisha macho. Fikirini, msichana amengoja harusi yake mwaka mzima, halafu inataka kuzama kwa sababu ya mtu ambaye hata barua ya mwaliko hakupelekewa.

“Yafumueni,” Longino akasema mwishowe.

“Nikifumua, matundu ya sindano yanabaki,” Desideri akajibu. “Kila mtu ataendelea kulisoma.”

Hapo ndipo Winfrida alipolivuta shati moja magotini mwake. Alifunika neno la kwanza kwa kiganja, akabaki akilitazama lile la pili. Kisha akaanza kutabasamu.

“Baba,” akasema, “hili neno NDIYE lina kosa gani?”

“Halina.”

“Basi liache. Mama ana shuka jeupe, jipya. Likatwe vipande, kila kipande kifunike Lukwambe, na juu yake utarizi jina la Oswini kwa uzi wa samawati. Chama kimempata wake. Mimi wangu nilimpitisha zamani.”

Gaudensia aliinuka hapo hapo kwenda kuleta shuka. Longino alikuwa bado amekunja uso, lakini mabega yake yalianza kutikisika, na kicheko kilipomtoka alilazimika kushika meza.

“Lakini kuna sharti,” Winfrida akaendelea. “Shati lako wewe, baba, lisiguswe. Utalivaa lilivyo, kanisani na ukumbini.”

Desideri alimtazama mkewe kuomba msaada. Gaudensia alikuwa anatafuta mkasi.

“Nitalivaa,” akasema.

Siku mbili zile cherehani haikupoa. Longino mwenyewe aliacha baiskeli za watu akawa anakata vipande, vingine vikaenda upande, na hakuna aliyeweza kumwambia kitu. Jumamosi, bwana harusi alipoingia kanisani, nyuma yake walifuata ndugu zake na wacheza mganda, migongo yote imeandikwa OSWINI NDIYE. Nilikuwa mstari wa mbele wa kwaya, na nawaambia kweli, sauti ya pili haikusikika siku ile, maana tulikuwa tunauma midomo. Halafu akaingia Desideri na binti yake mkononi. Alipotupita tukauona mgongo wake. LUKWAMBE NDIYE, herufi nene, zimetariziwa vizuri ajabu. Padri alisubiri kanisa litulie, akajikuta anangoja pia yeye mwenyewe atulie.

Ukumbini ngoma zikalia. Mwanzoni Desideri alijibanza ukutani, mgongo akauficha. Longino akamfuata, akamshika mkono, akamvuta mpaka katikati ya wacheza mganda, akamgeuza ili watu wote wasome. Kisha akaomba ngoma zinyamaze.

“Ndugu zangu,” akasema, “mkwe wangu ni fundi, na leo ametufundisha. Ashonaye kabla ya jina huvaa mwenyewe.”

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Desideri alisimama pale kidogo, akatazama huku na huku. Halafu akainua mikono na kuanza kucheza, akizunguka taratibu ili hata waliokaa nyuma walione jina vizuri. Hakuna aliyecheza kumshinda siku hiyo.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na baraza yake haikupungukiwa watu, kwa sababu kubashiri hakujawahi kukatazwa na mtu, wala mimi siwakatazi. Bishaneni, mtaje mnayemtaka, mpigane kwa hoja. Lakini kila uchaguzi ulipokaribia na watu wakamuuliza Fundi Desideri safari hii chama kitampitisha nani, alipitisha uzi kwenye sindano bila kuinua macho na kuwajibu, “Leteni kitambaa. Jina mtaniambia mkishalisikia.” Na mke wake, akipita na bakuli la maharage, alimalizia kwa sauti ya chini maneno ambayo Lihanje yote iliyajua.

Ashonaye kabla ya jina huvaa mwenyewe.