Gundi Haiulizwi

"Gundi haiulizwi." Nimemwambia Nahoda maneno hayo asubuhi hii na nyote mkanikodolea macho kama nimepungukiwa na akili. Posa yake ilipelekwa Jumanne. Leo Alhamisi, naye keshawapigia simu wazee wa binti mara tano kuuliza kama wamekubali. Mara ya tano hawakupokea. Kaeni basi, na wewe Nahoda weka hiyo simu kwenye sinia, niwaeleze methali hii ilikozaliwa.

Ilizaliwa Wete, katika banda la bibi yangu Mize. Mumewe, Chumu, alikuwa fundi wa udi, huu wa kupigia taarabu, si wa kufukizia nguo. Kwa miaka tisa Mize ndiye aliyempikia gundi: ngozi ya mbuzi, maji na moto mdogo, mpaka ngozi inayeyuka yote na kuwa ute wa rangi ya chai. Kisha Chumu akafa. Mize alipotoka eda, shemeji yake Faki akamwambia kwamba banda lisilo na fundi ni stoo tu, na Ijumaa asubuhi angekuja na mtu wa kuvinunua vifaa vyote. Vifaa hivyo ndivyo vilivyobakia vya mkono wa Chumu duniani.

Siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo, akafika Mzee Ngwali kutoka Micheweni na udi ulioachana shingo na tumbo. Habari ya msiba hakuwa nayo. Binti yake alikuwa anaolewa Ijumaa jioni, na yeye alikwisha kumwahidi kwamba atampigia kwa mkono wake.

"Sasa fundi ni nani hapa?" akauliza.

"Mimi," akasema Mize, akaupokea udi.

Faki alikuwapo, akacheka. "Haya. Udi ukishika, banda lako, sitatia mguu tena. Usiposhika, usinililie."

Alhamisi baada ya adhuhuri Mize akapasha gundi kavu iliyobaki, akapaka, akabana shingo kwenye tumbo, akafunga kamba. Chumu alikuwa na desturi yake: akishafunga kamba hutupia kitambaa juu, hufunga mlango na kwenda zake, na hakuna wa kuingia mpaka kesho. Mize aliifanya desturi hiyo vizuri sana, kwa muda wa robo saa. Kupika gundi alikujua. Kungoja hakuwahi kufundishwa.

Akaingia, akafungua kamba, akajaribu shingo. Ikateleza. Akapaka tena, akafunga. Itakuwaje ikiwa nimekosea moto? Akafungua tena. Mara hii gundi ilikuwa imeanza kunata, akaona vijiuzi vyake vikivutika na kukatika, na kiungo kikaachia. Akapaka ya mwisho iliyokuwamo chunguni. Alasiri ilipoadhiniwa alikuwa ameshafungua mara ya nne, chungu kitupu, na kupika gundi mpya kwataka siku mbili. Akakaa chini akalia kwa hofu.

Mama mkwe wake, Bi Time, alikuwa kizingitini anasuka ukili wa mkeka. Macho yake yalikuwa yamekwisha, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Mwanangu, kamba hiyo nimeisikia ikifunguliwa mara nne. Unatafuta nini humo?"

"Nataka kujua kama imeshika, mama. Na sasa gundi imekwisha."

"Haijakwisha. Ikwangue yote kiungoni, itie maji kidogo, ipashe. Usiichemshe, ukiichemsha umeiua. Wewe si ndiye mpishi? Ikiwa motoni unaiona vipi?"

"Nyepesi. Yatembea."

"Kwa sababu vijiuzi vyake ni kama watu, na joto haliwaachi wakae. Kila kijiuzi kinahangaika peke yake majini. Joto likitoka, ndipo wanapotulia, wakatafutana na kushikana. Haraka haimo. Wewe umeingia wakati wanapeana mikono, ukawabandua. Na waliobanduliwa katika baridi hawashikani tena mpaka wapite motoni upya. Ndivyo alivyokuwa akisema mwanangu Chumu."

Mize akakwangua kila tone, akapasha, akapaka, akafunga kamba. Kisha akatoka nje akamnyooshea Bi Time mikono yote miwili.

"Nifunge, mama. Mimi najijua."

Bi Time akamfunga kwa ukili wake, akamkalisha ubavuni pake. Mpaka magharibi Mize aliuliza mara saba, "Sijui imeshika?" na kila mara mkwewe akajibu, "Gundi haiulizwi." Chakula alilishwa kwa mkono kama mwali.

Ijumaa asubuhi Faki akaja na mnunuzi wake, na Mzee Ngwali naye akaja na nyuzi zake kumi na moja. Kamba ikafunguliwa mbele ya wote. Ngwali akatia uzi wa kwanza, akakaza. Wa pili. Wa tano. Nyuzi za udi zikikazwa huivuta shingo kwa nguvu kama zinataka kuing'oa. Alipofika wa tisa kitu kikalia, krr. Mize akafumba macho.

"Kigingi hicho cha kukazia uzi," akasema Ngwali. "Kikavu."

Akamaliza kumi na moja, akapiga, na shingo isitikisike. Faki akainama juu ya kiungo, akanyoosha kidole.

"Lakini imeshika kweli?"

"Ondoa kidole chako, Faki," akasema Bi Time. "Gundi haiulizwi."

Faki akaondoka na mnunuzi wake, na mimi banda hilo nimelikuta wazi, bibi yangu akifanya kazi ndani yake.

Basi ndiyo hiyo. Watu wale wana binti yao, Nahoda; posa yako imewapasha moto, na sasa wanatulia, wanashauriana, wanakutafutia mahali ndani ya nyumba yao. Na kila ukipiga simu unafungua kamba.

Mbona unaninyooshea mikono? Ah, umeelewa. Nipeni leso yangu hiyo nimfunge. Na simu ibaki pale pale kwenye sinia, asiiguse mtu.

Gundi haiulizwi.