Kabati la Bi Mwanahija

Aonaye mende kwa jirani hajasogeza kabati lake. Mama yenu aliwaambia hivyo asubuhi mlipokuwa mkimcheka mtoto wa jirani, nanyi mkadhani ameitunga palepale. Hakuitunga. Methali hii ina wenyewe, tena mimi niliwaona kwa macho yangu. Kaeni basi, na wewe Hadia weka hiyo simu chini, niwaeleze ilivyoanza.

Ilianzia hapahapa Pangani, kwa wanawake wawili waliompenda msichana mmoja. Msichana huyo aliitwa Zuwena. Mama yake alifariki akiwa bado mdogo, akabaki na baba, mtu mwema lakini mwenye chumba kimoja tu cha kupanga. Kwa hiyo Zuwena alilelewa katika nyumba mbili zilizotazamana, katikati uchochoro. Upande mmoja alikaa Bi Mwanahija, dada wa baba yake. Upande wa pili alikaa Bi Saumu, mdogo wake marehemu mama.

Saumu alikuwa na watoto wake, na kuku wake waliingia hadi jikoni bila kubisha hodi. Mwanahija hakujaliwa mtoto, na mumewe alikwishafariki. Alichokuwa nacho ni usafi. Sakafuni mwake ungeweza kulia wali bila sahani. Katika chumba kikubwa lilisimama kabati la mninga lenye milango ya vioo, na ndani yake sahani za kaure ambazo hazikuwahi kupakuliwa chakula. Kila asubuhi alivifuta vioo vile, halafu akasimama kidogo kuvitazama.

Zuwena alikuwa akienda kumsalimu kila siku, mtoto mwenye adabu. Alikaa ukingoni mwa kiti asije akakichafua kitambaa, akajibu alichoulizwa, kisha akasema, "Shangazi, naenda kwa mama mdogo." Baada ya muda kicheko chake kilisikika kutoka ng'ambo. Mwanahija alikisikia, na chakula kikamshinda. Nasema wazi kwamba alikuwa na wivu, tena si wivu wa kubahatisha. Alimwonea Saumu wivu kwa kicheko kile kuliko ambavyo angemwonea kwa dhahabu.

Zuwena akakua, akaposwa. Nyinyi leo mkioana mnakimbilia hotelini. Zamani maharusi walikaa fungate, siku saba, kwenye nyumba ya upande wa bi harusi, wakipikiwa na kuhudumiwa. Mwenye nyumba ile ndiye aliyehesabiwa kuwa mama wa bi harusi. Mji mzima ulimpa mkono wa pongezi. Mwanahija alikuwa ameisubiri siku hiyo tangu Zuwena anaanza kutembea.

Baba akamuuliza bintiye angependa kukaa fungate wapi. Zuwena akajibu, "Kwa mama mdogo."

Mwanahija alisema amefurahi, ila uso wake haukusema hivyo.

Siku chache kabla ya harusi alivuka uchochoro kwenda kumsaidia Saumu kupeta mchele. Ilikuwa alasiri ya kaskazi, lile joto linalowafanya mende wakubwa waote ujasiri. Mnawajua, wale wekundu, wanene kama tende, ambao wakichoka kutambaa huamua kuruka. Mmoja aliruka kutoka darini, akatua shingoni mwa Mwanahija, akateremka ndani ya kanga. Mwanahija alirusha ungo, mchele ukamwagika, akacheza ngoma ambayo hajawahi kufundishwa na kungwi yeyote.

Saumu akamuua yule mdudu kwa kandambili. "Nisamehe, wifi," alisema huku akijizuia kucheka. "Wamejificha nyuma ya mtungi. Kesho nauosha."

Mwanahija alitoka mle akiikung'uta kanga yake. Lakini uchochoro ule ni mfupi, na hata kabla hajafika mlangoni kwake hofu ilikuwa imegeuka kuwa furaha. Furaha ya kijicho huja hivyo, haina haya.

Alikwenda kwanza kwa kaka yake. "Utamlaza mwanao na mende?" akamuuliza. Kisha akamwendea Bi Chausiku, jirani ambaye jambo ukimwambia asubuhi, adhuhuri unalikuta limekutangulia sokoni. Mende yule mmoja akazaliana njiani. Alipofika kwa mama wa bwana harusi alikuwa kundi zima, tena eti limetoka ndani ya sufuria ya pilau. Mama yule akatuma ujumbe kwamba mwanawe halali nyumba ile.

Saumu aliitwa akaulizwa. Angeweza kukana, maana nani angemwapisha kwa sababu ya mdudu? Akasema, "Mende yupo. Siwezi kusema hayupo." Basi likaisha. Fungate ikahamishiwa kwa Mwanahija.

Zuwena alivuka na nguo zake, kichwa chini. Mwanahija alimpokea kwa udi na mikono miwili, akamwita "mwanangu" mbele ya watu. Alipoitazama nyumba ya pili alimwona Saumu kibarazani, akaona raha ambayo baadaye ilimtokea puani.

Siku ya kupaka hina nilikuwepo, nimekaa na wasichana wenzangu. Zuwena alikuwa juu ya mkeka ndani ya chumba kile kikubwa, miguu ameinyoosha, mikono ameiweka juu ya mto, hina bado mbichi. Bi harusi mwenye hina mbichi ni kama sanamu, hasimami wala hashiki kitu. Saumu naye alikuja, akakaa uani na wageni wengine kama mgeni tu.

Ndipo kitanda kikaletwa kutoka kwa bwana harusi, kile cha besera chenye nguzo nne. Wapagazi wakakigeuza huku, wakakigeuza kule, hakikuenea.

"Bibi, hapa lazima kabati lisogee," mpagazi mmoja akasema.

"Kabati hilo halisogezwi," Mwanahija akajibu. "Tangu marehemu mume wangu aliponiwekea hapo, halijasogezwa."

Bi Mwanakheri, aliyekuwa somo wa bi harusi, yaani mwenye kumfunda, alikuwa mzee asiye na subira. "Mwanahija, kitanda cha harusi hakikatwi miguu," akamwambia. "Sogeza kabati."

Mwanahija akasimama mbele ya vioo vyake. "Nyuma yake ni pasafi. Hakuna haja."

"Mbona hakuna aliyeuliza kama ni pasafi?"

Wanawake wakatazamana. Mwanahija akapisha, na wapagazi wakasukuma.

Kwanza alitoka mmoja, akasimama katikati ya sakafu akitikisa sharubu zake. Kisha ukuta wote uliokuwa nyuma ya kabati ukaanza kutembea. Kumbe Mwanahija alikuwa akiwafutia vioo miaka yote ile. Wakashuka, wakatawanyika, na wale wenye hamu ya kuruka wakaruka. Wapagazi ndio waliotangulia kutoka, wanaume wazima. Mimi nilipitia dirishani, na ushahidi ninao, huu mkwaruzo hapa.

Zuwena hakuweza kukimbia. Alikaa pale mikono juu, na mende mkubwa akampanda mguuni, juu ya hina. Shangazi yake alikuwa karibu naye kabisa, amenyoosha mkono. Zuwena hakumtazama. Alifumba macho akaita, "Mama mdogo!"

Saumu akaja mbio kutoka uani. Alimpangusa yule mdudu kwa ncha ya ukaya wake wa kichwani, akachuchumaa, akampa mgongo. "Panda," akasema.

Zuwena akapanda, akamkumbatia shingo, na hina yote ikaishia kwenye gauni jeupe la Saumu. Wakatoka hivyo hadi uchochoroni, bi harusi mgongoni, watu wakiwapisha.

Mwanahija aliwafuata hadi mlangoni. "Hata kwako wamo, Saumu!" alipaza sauti. "Niliwaona kwa macho yangu!"

Aliyemjibu ni Zuwena, kutoka kule mgongoni, tena kwa adabu yake ileile. "Najua, shangazi. Mama mdogo alinionyesha mwenyewe walipo. Ule mtungi tuliuosha pamoja."

Mwanahija akarudi ndani. Mama wa bwana harusi, aliyekuja na kitanda na sasa amejifunika kanga gubigubi, alisema kwamba kwa kweli wachache ni afadhali. Fungate ikarudi kwa Saumu, na kitanda kikawafuata.

Jioni ile Mwanahija alibaki peke yake chumbani, kabati limekaa upande, sahani zimeangukiana ndani. Msidhani wivu ulimtoka. Ng'ambo walikuwa wakipiga vigelegele, na kila kigelegele kilimwingia kama mwiba. Alilia mpaka akachoka kulia. Halafu akashika ufagio, akaanza kufagia pale nyuma ya kabati, mahali alipopasifu.

Bi Chausiku akapiga hodi. Alikuja kumpoza, au tuseme alikuja kuona. "Usijali, shoga," alisema kwa sauti ya chini. "Nasikia hata sasa hivi kwa Saumu wamemwona mwingine, mkubwa kuliko hawa wako. Niseme kwa mama wa bwana harusi?"

Hayo ndiyo maneno ambayo Mwanahija aliyatamani usiku ule kuliko maji. Neno moja tu lingetosha, na Zuwena angehamishwa tena. Alisimama na ufagio mkononi. Kicheko cha Zuwena kikasikika kutoka ng'ambo.

"Chausiku, kwako una kabati?" akauliza.

"Ninalo."

"Ulilisogeza lini?"

Chausiku akatazama miguu yake.

"Basi nenda nyumbani," Mwanahija akamwambia. "Aonaye mende kwa jirani hajasogeza kabati lake."

Chausiku, kwa kuwa ndiye Chausiku, kesho yake aliyafikisha maneno hayo sokoni. Alichosahau kueleza ni nani aliyeambiwa. Kutoka hapo yakapanda gari, yakafika Tanga, na leo yamefika kwenu mkiyacheka.

Mkiyasikia tena, jueni kwamba hayakusemwa na mtu mwenye nyumba safi. Yalisemwa na mwanamke aliyeshika ufagio, macho yamemvimba, akimsikiliza mtoto ampendaye akicheka katika nyumba ya mwenzake: aonaye mende kwa jirani hajasogeza kabati lake.