Pishi Asiyeonja

Hadithi iko mlangoni.
— Ifungulieni.
Imetoka mbali, imechoka.
— Ipeni mkeka, ikae.
Mkeka upo. Na nyinyi masikio mnayo?
— Tunayo, mawili mawili.
Yanatosha.

Hapo kale, kale ambayo bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, palikuwa na mji uitwao Mtondooni. Na katika mji huo palikuwa na pishi, Bi Kazija. Nikisema pishi sisemi mtu wa kuchemsha maji ya chai. Bi Kazija alikuwa akipika pilau ya watu mia tatu, na mpita njia akisikia harufu tu anakumbuka ghafla kwamba ana jamaa kwenye harusi hiyo.

Mtondooni walikuwa na desturi yao. Kwenye karamu, hakuna mgeni anayetia mkono kwenye sinia mpaka pishi atoke jikoni, asimame mbele ya watu, ale tonge la kwanza, alimeze, aseme, "Karibuni." Pishi asiyekula chakula chake, ama ametia kitu, ama anawadharau wageni. Kwa vyovyote vile, watu wanavaa viatu wanakwenda zao.

Miaka thelathini Bi Kazija alikula tonge hilo, wala halikuwa dogo. Mwenyewe alikuwa mtu wa haja, mnene, mwenye afya yake, anacheza ngoma toka alasiri mpaka magharibi na hahemi.

Basi akaposwa binti yake, Zuwena, mtoto wake wa pekee. Siku ya kupokea posa, shangazi mmoja wa upande wa bwana harusi akamtazama Bi Kazija juu mpaka chini, akasema, "Mashallah, mkwe. Mlango wenu mpana, mliona mbali."

Alikuwa anatania. Nadhani. Lakini neno lile Bi Kazija alilala nalo, akaamka nalo, na asubuhi akalipeleka kwa Fundi Makungu.

Fundi Makungu alikuwa mganga wa kupunguza watu. Alipohamia Mtondooni alikuwa mwembamba kama mchi, na wembamba ule ndio uliokuwa elimu yake yote.

"Fundi, nataka kupungua kabla ya harusi ya mwanangu."

"Umechelewa, mama," akasema Fundi kwa huzuni kubwa, "lakini nitakuhurumia. Chakula ni adui yako."

"Mimi ni pishi, Fundi."

"Ndiyo maana nakuhurumia."

Akamfunga uzi kiunoni, wenye mafundo saba. Akamwambia, siku utakayomeza kitu nilichokukataza, uzi huu utakatika, na ukikatika, ndoa ya mwanao inakatika nayo. Malipo hakutaka. Nimeshawaambia, ni mtu wa huruma. Alitaka jambo moja tu: chakula kilichokatazwa kisikae nyumbani kwa mgonjwa, kitamtia majaribuni. Kiletwe kwake, akiteketeze.

Wiki ya kwanza akakataza wali. Bi Kazija akampelekea gunia la mchele. Fundi akauteketeza.

Wiki ya pili akakataza nazi na samli. Bi Kazija akapeleka. Fundi akaviteketeza.

Wiki ya tatu akakataza kila kitu chenye harufu nzuri: kuku, maandazi, ndizi mbivu. Bi Kazija akapeleka. Fundi akaviteketeza, na siku hiyo alishikwa na kwikwi.

Kilichobaki ni majani ya mlonge, yachemshwe, yaliwe hivyo hivyo. Bi Kazija akayala asubuhi, akayala mchana, akayala jioni. Na kila baada ya siku tatu nne njaa ilimpanda kichwani. Hapo anajifungia stoo, saa nane mchana, na sufuria nzima ya wali wa watu. Anakula amesimama. Anakula hatafuni. Anakula hata ladha haisikii. Halafu anajipapasa kiuno. Uzi upo. Analia, anakwenda kwa Fundi kuungama, na Fundi anamwambia ana bahati sana, ila siku nyingine uzi hautamvumilia, alete kuku wawili.

Mnataka kujua kama alipungua? Mlonge ulimpunguza, stoo ikamrudisha. Kilichopungua kweli ni mapishi yake, kwa sababu hata mchuzi alikuwa haonji tena.

"Mama, mbona siku hizi huonji?" Zuwena akamuuliza.

"Mkono wangu unajua, mwanangu."

"Mkono unajua kupima, mama. Ulimi hauna."

Bi Kazija akafunika sufuria bila kuonja.

Siku ya harusi ikafika. Sufuria sita za pilau, masinia yamepangwa, kila sinia na kawa juu yake. Wakwe wakakaa mikekani. Mbele kabisa alikaa mama wa bwana harusi, Bi Mafunda. Na ubavuni pake, mgeni wa heshima, Fundi Makungu, ambaye sasa alikuwa kama kinu. Wagonjwa walipomuuliza alisema ni maradhi yao, anawabebea. Naye alivaa uzi kiunoni, awe mfano kwa watu. Ulikuwa umeungwa mara tatu.

Bi Kazija akatoka jikoni. Akainua tonge, akakumbuka uzi, akalirudisha.

Akainua tena. Akatazama dirisha la chumba alichokaa Zuwena na hina yake mikononi. Akalirudisha.

Akainua mara ya tatu. Wali ukamponyoka vidoleni, ukamwagika.

"Mkwe," akasema Bi Mafunda, "kuna nini ndani ya wali huu?"

"Hakuna kitu."

"Basi kula."

"Siwezi."

Bi Mafunda akaanza kutafuta viatu vyake. Upande mzima wa bwana harusi ukasimama. Bi Kazija aliogopa kuliko siku aliyomzaa huyo Zuwena. Akila, anaivunja ndoa ya mwanawe. Asipokula, anaivunja. Akamgeukia mganga wake.

"Fundi, nisaidie. Nifanye nini?"

Fundi hakujibu. Hakuweza kujibu. Wakati watu wote wanamtazama pishi, yeye alikuwa ameinua kawa upande mmoja, na sasa mashavu yake yote mawili yalikuwa na kazi. Punje za pilau zilikuwa zimekaa ndevuni zinapumzika.

"Fundi, unakula?"

Fundi akameza. "Nateketeza."

Bi Kazija akautazama ule uzi ulioungwa mara tatu. Akakumbuka gunia la mchele. Akakumbuka kuku. Akakumbuka mlonge wa asubuhi, wa mchana na wa jioni. Hasira zikampanda, na nyuma ya hasira ikaja aibu, na nyuma ya aibu ikaja njaa. Akakamata tonge, lile la miaka yote thelathini, akalitia kinywani.

Mnauliza kama uzi ulikatika? Ulikuwa uzi wa kushonea magunia, jamani. Haukatiki kwa pilau.

Akatafuna polepole, watu wakingoja neno lao. Akameza. Akasema, "Haina chumvi."

Bi Mafunda alikuwa ameshavaa kiatu kimoja. Akakivua.

"Aliyetia sumu angesema ni tamu," akawaambia watu wake. "Kaeni chini."

Wakakaa. Bi Kazija akarudisha pilau jikoni, akainyunyizia maji ya chumvi, akafunika, akapalia makaa juu ya vifuniko, akangoja. Akaonja. Akangoja kidogo tena, akaonja. Ndipo akatoka na kusema, "Karibuni," na Zuwena akaolewa siku ile ile.

Na Fundi? Hakuna aliyemfukuza. Alihamia mji wa pili, na nasikia wagonjwa wanapanga foleni.

Bi Mafunda akamkalisha mkwewe kwenye sinia lake mwenyewe, akasimuliwa habari yote ya uzi na dawa ya Fundi. Bi Kazija akala amekaa kitako. Akatafuna. Karafuu akaisikia, zabibu akaisikia, nyama akaisikia ilivyolainika. Kisha akautoa mkono kwenye sinia.

Bi Mafunda akamsogezea paja la kuku, lote. "Ongeza, mkwe. Usituonee haya."

"Nimeshiba."

"Kweli, au ni ile dawa yako?"

"Kweli. Lakini hilo paja niwekee," akasema Bi Kazija. "Kesho nitakuwa na njaa tena."

Hadithi imenyanyuka mkekani, inaaga.
— Iende salama.
Aliyeipenda aisindikize. Asiyeipenda aniachie, nitamsimulia paka wangu.